Siagi ya karanga inauzika, lakini pesa siioni

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wanne, uwanja mmoja, Luku moja. Nilikuwa nafundisha chekechea shule moja ya binafsi. Mwaka jana watoto walipungua, na sisi walimu tukapunguzwa. Mume wangu ni fundi aluminiamu. Kazi ikiwepo tunakula vizuri, isipokuwepo tunaangaliana.

Nikaona nisikae bure, nikaanza kutengeneza siagi ya karanga. Kila wiki nanunua karanga kilo 10 kwa 4,000 kilo moja. Nachambua usiku watoto wakilala, nakaanga kwa jiko la mkaa (mkaa wa 5,000 unatosha), napeta maganda, nasaga kwa blenda. Natoa vikopo 21 vya gramu 400, nauza 4,000 kila kimoja. Yaani karanga 40,000, mauzo 84,000, faida 44,000 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo kwa mwezi ningekuwa napata kuliko mshahara wangu wa ualimu! Lakini Mama, hiyo pesa siioni. Kila Jumatatu nikitaka kununua karanga nyingine najikuta naomba kwa mume au nakopa kwenye kikoba.

Siagi yenyewe watu wanaisifu. Vikopo nafuata Kariakoo, 500 kimoja, na kijana wa steshenari ananichapia lebo kwa 100. Bodaboda na daladala za kupelekea wateja zinafika kama 6,000. Chumvi, sukari na mafuta ya kula nachukua vya ndani tu. Walimu wenzangu wa zamani ndio wateja wangu wakubwa, ila wanachukua kwa mali kauli mpaka mshahara. Hivi sasa vikopo 9 viko nje na wengine hata simu hawapokei. Wifi yangu anakaa Chamazi, kila akija haondoki mikono mitupu, anabeba kimoja chake na kimoja cha mama mkwe. Cha tatu tunakula wenyewe. Mume naye akikosa nauli anachota kwenye kopo ninaloweka pesa. Nikimwambia ananijibu, "Si hela ya mboga tu hiyo?"

Blenda mbili zimeshaungua. Wapangaji wenzangu wanalalamika namaliza umeme, mama mwenye nyumba kaniambia nitoe 4,000 ya Luku kila wiki. Natoa, na karanga zile mbovu nawapa kuku wake ili apunguze maneno.

Sasa kuna dada wa mikopo anapita mtaani kwetu. Anasema nitapata 500,000 siku hiyo hiyo, fomu 30,000 inakatwa humo humo, halafu nirejeshe 80,000 kila Jumatatu kwa wiki nane. Dhamana ni TV na friji. Najua watu wanaiita kausha damu, lakini kuna mashine ndogo ya kusagia karanga nimeiona Kariakoo, 450,000. Nikiipata nitasaga nyingi na deni nitalimaliza. Pia nafikiria nianze kuchanganya na chenga, zile karanga zilizovunjika na kusinyaa, maana ni 2,500 kilo.

Jirani yangu ananitisha kwamba TBS, wale wa shirika la viwango, wakinikuta bila vibali watanikamata. Mama, nichukue mkopo? Au niache tu? Na wifi nimwambieje bila kuonekana mchoyo?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimesoma kama mama. Mara ya pili nimesoma na kalamu mkononi, kwa sababu nilikuwa karani wa hesabu kabla sijastaafu na ugonjwa huo hauponi. Nikagundua majibu karibu yote umeyaandika mwenyewe, ila umeyatawanya: hili umelitaja kwenye wifi, lile kwenye Luku. Nimeyaokota nikayaweka pamoja.

Karanga 40,000. Vikopo 21 kwa 500 ni 10,500. Lebo 2,100. Mkaa 5,000. Luku 4,000. Nauli na bodaboda 6,000. Chumvi, sukari na mafuta umesema "vya ndani tu", kana kwamba ndani kuna kisima cha mafuta ya kula. Mimi nimeviwekea 3,500. Jumla 71,100. Ukitoa kwenye 84,000 zinabaki 12,900. Hiyo ndiyo faida yako ya wiki, na sijakulipa hata senti kwa kukesha.

Bado hatujamaliza. Vikopo 21 vyote havikuuzwa. Wifi kimoja, mama mkwe kimoja, nyumbani kimoja. Vitatu hivyo ni 12,000.

Zimebaki mia tisa.

Usiku umechambua, umekaanga mpaka moshi umekuwasha macho, umegombana na wapangaji, umepanda daladala na mfuko mapajani, na wiki imeisha na shilingi 900. Halafu baba watoto anachota nauli kwenye kopo. Unashangaa nini Jumatatu ukiwa unakopa? Na vile vikopo 9 vya walimu ni 36,000, faida yako ya karibu wiki tatu, imelala kwenye mikoba ya watu.

Sikuambii haya ili ukate tamaa. Nakuambia kwa sababu ulikuwa unatafuta mwizi, kumbe hakuna mwizi. Kikopo kimoja kinakugharimu karibu 3,390, wewe ulidhani ni kama 1,900. Ndiyo maana unagawa kwa moyo mweupe. Mtu anayejua kikopo kimechota 3,390 mfukoni mwake hakitoi kama kipande cha muhogo.

Sasa mkopo. Hapana.

Unachukua 500,000, mkononi unapewa 470,000. Unarejesha 80,000 mara nane, 640,000. Yaani kwa miezi miwili unalipa 170,000 juu ya ulichopokea, zaidi ya theluthi. Lakini acha riba. Biashara yako inabakiza 12,900 kwa wiki isipoguswa na mtu, na huyo dada anataka 80,000 kila Jumatatu. Nyingine itatoka wapi? Mashine haitazaa wateja Jumatatu ya kwanza. Itazaa siagi zaidi, nawe hata hizi 21 hujaweza kuziuza zote kwa pesa taslimu. Na umesahau jambo moja: kama blenda imekuletea kesi ya Luku, mashine yenye mota utaiwasha wapi? Mama mwenye nyumba atakuongezea 4,000 nyingine au atakupa notisi.

Wewe si wa kwanza kutamani mashine kabla ya hesabu kwenye mambo ya karanga. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakapanga kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 wakaanzia Kongwa, hapo Dodoma. Wakashusha matrekta na matingatinga, mpaka vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, kabla hawajaujua udongo wa pale, ambao kiangazi unakauka kama saruji. Mibuyu nayo ikawagomea kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Mgogo yeyote wa pale angewaambia bure. Wale walikuwa na hazina ya serikali ya kufidia hasara. Wewe una TV na friji.

Kusaga, tafuta mwenye mashine ya karanga sokoni umlipe kwa kilo. Nenda asubuhi uwe wa kwanza, ukaangalie imeoshwa, maana ukisaga baada ya mtu wa pilipili wateja wako watakukimbia kwa wiki moja. Hapo umeokoa blenda ya tatu, umepunguza Luku, na ugomvi wa uwanjani umeisha. Siku utakapokuwa unasagisha kilo 50 kwa wiki, na malipo ya kusagisha yanakuuma, njoo tuzungumze mashine.

Bei iende 5,000. Najua umeshtuka. Ukiuza 21 kwa 4,000 unapata 84,000. Ukiuza 17 tu kwa 5,000 unapata 85,000. Yaani hata wateja wanne wakinuna wakaondoka, bado umezidi elfu moja, na vikopo vinne umebaki navyo. Anayeona 5,000 ni nyingi mwekee kikopo kidogo cha gramu 100 kwa 1,500. Wengi wetu mjini tunanunua kwa vipimo vya kila siku, mafuta ya kula ya mia tano, sukari ya robo, na hakuna aibu hapo. Ila piga kwanza hesabu ya hicho kidogo kama tulivyopiga ya kikubwa, maana kikopo na lebo yake havipungui bei kwa sababu siagi ni kidogo.

Walimu usiwakatae, ni watu wako. Wabadilishie siku tu. Badala ya kupeleka mzigo tarehe 5 na kusubiri mwisho wa mwezi, peleka mshahara ukishatoka, mkono kwa mkono. Anayedaiwa hapati kingine mpaka alipe cha kwanza, na usimwandikie ujumbe mrefu wa kulalamika. Mwandikie hivi: "Mwalimu, habari za kazi. Mzigo mpya upo. Naomba umalizie 4,000 ya nyuma kisha nikuletee." Basi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Usitake kuwa mwenye matanga kila mwezi.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi za ndani zinafia, na hakuna anayeandika kwenye daftari chanzo cha kifo.

Mimi miaka ya tisini nilikuwa nauza barafu za ubuyu kwenye friji yangu mwenyewe, Tabata, jioni nikitoka ofisini. Watoto wa mtaani walikuwa wananunua, watoto wa shemeji walikuwa wanafungua friji. Sikusema kitu. Nilikuwa nanuna. Mpaka siku moja nimerudi kazini nakuta friji nyeupe, hata moja haimo, na sufuria ya ubuyu imerambwa. Nikalia kama mtoto. Mume wangu akanishangaa: "Kumbe zilikuwa za kuuza zote?" Hakujua! Alidhani nauza zinazobaki. Mume wako akisema "hela ya mboga", huenda naye ndivyo anavyoona: mke wangu anatengeneza siagi, tunakula, zinazobaki anauza.

Kwa hiyo usimpelekee lawama, mpelekee daftari. Chagua jioni ambayo ameshakula na hajachoka sana. Mwonyeshe ile 71,100, mstari kwa mstari, na umruhusu abishe. Fundi aluminiamu anajua hesabu ya malighafi kuliko wewe na mimi. Hawezi kumpa mteja dirisha bure kwa sababu ni binamu yake, na akimpa anajua amempa kiasi gani. Akishaona mia tisa mwenyewe, mwombe kitu kimoja tu: kopo la biashara lisiguswe, na akikwama nauli akuambie, uandike kwamba amekopa. Bora zaidi kopo lenyewe life. Sajili laini nyingine ya simu iwe ya biashara tu, wateja walipie huko, na pesa ya karanga za Jumatatu isitoke humo kabla ya Jumatatu. Noti iliyo kwenye kopo inaonwa na kila anayepita jikoni.

Na wewe jilipe. Hata 5,000 kwa wiki, iandikwe "mshahara". Ya mboga itoke humo.

Wifi usimkatalie kabisa. Katika kila mzigo kikopo kimoja kiwe cha nyumba, kimeandikwa kwenye daftari kama matumizi. Kimoja tu. Wifi akija, mpakie mkate hapo hapo, mpe na chai, mkae mzungumze. Akisema anataka cha kubeba, jibu ukiwa unatabasamu: "Wifi yangu, hivi vyote vina wenyewe, nimeshavihesabia. Nikuwekee oda ya wiki ijayo? Wewe nitakufanyia 4,500." Akilipa, umepata mteja Chamazi. Akinuna, atanuna wiki mbili. Mama mkwe ni habari nyingine. Yeye mpelekee mwenyewe kwa mkono wako, mara moja kwa mwezi, na uingize kwenye matumizi. Zawadi uliyoipeleka mwenyewe ina heshima kuliko iliyobebwa na wifi kwenye pochi.

Jirani anayekutisha na TBS hajakosea sana, amekosea sauti. Tangu Julai 2019 masuala ya usalama wa chakula yametoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, na ukitaka siku moja kuingia kwenye maduka makubwa utahitaji alama yao. Mlango wa mtu mdogo kama wewe ni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, wana ofisi mikoani. Wanafundisha usindikaji na ufungashaji, na barua yao ndiyo wajasiriamali wadogo wanayokwenda nayo TBS. Anzia hapo. Wakati huo huo nenda kapime afya kama mtu anayeshika chakula cha wengine, na kwenye lebo andika tarehe uliyotengeneza.

TIN, namba ya mlipakodi, unapewa bure TRA, asikudanganye mtu akutoze. Na hapa daftari linakulipa tena. Kwa viwango vilivyopitishwa 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Wewe, ukiuza 84,000 kila wiki, unafika 4,368,000. Umevuka kidogo. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi, kwako 11,040 kwa mwaka. Asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000. Waulize kaunta viwango vya mwaka huu, lakini daftari la 1,000 tayari limeshajilipia.

Ukifika pa kutaka mtaji kweli, kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na kwenye kikoba chako tazama nani anafanya kazi kweli na nani anakuja kula maandazi.

Nimebakiza chenga, na hapa nabadilisha sauti.

Usithubutu. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu ndiyo inayobeba sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu, haina ladha wala harufu ya kukuonya, inashambulia ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 20 hivi wakafariki. Siagi yako wanapakiwa watoto mkate wa shule. Kwenye kikopo kilichosagwa hakuna anayeweza kuona ulichoweka isipokuwa wewe.

Kwa hiyo kuchambua usiku kwa taa ya simu basi. Chambua mchana, uwanjani, karanga zimetandazwa kwenye ungo safu moja, uzipitishe kwa kidole. Iliyokunjamana, toa. Yenye doa jeusi au kijani, toa. Ukiimenya ikawa na rangi ya njano mbichi katikati, toa. Gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Weka juu ya mbao, mahali pakavu. Na usinunue karanga ambayo ukiishika mkononi inahisi unyevu, hata muuzaji akikuapia.

Na unazozitoa zifukie au zichome. Sumukuvu yenyewe ilijulikana duniani baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Kuku wa mama mwenye nyumba usiwape tena, na usimweleze kwa nini ulikuwa unawapa.